Taa Arobaini za Dakika Moja

Welkom,
Jumatatu, 3 Februari 2014

Baba mdogo Khethisa,

Nakusalimu wewe, mama na wote wa Ha Lepekola. Mimi sijambo. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mkumbushe kwamba dawa ile ni ya kupaka, si ya kunywa, namjua. Kondoo waliopotelea mlimani wamerudi? Huku ni joto la kukausha mate. Chumba nilichopanga kina mlango mmoja na dirisha moja, na vyote viwili vinafungika. Nimevijaribu mara nyingi.

Kazi nimepata. Ni karani msaidizi kwenye ghala la kumbukumbu. Mgodi wa Doringdraai, ule mliofanyia kazi wewe na marehemu baba, umefungwa, na sheria inataka karatasi na kanda zake zote za kompyuta zihifadhiwe. Kanda ni mia mbili na kumi na mbili. Mimi naziorodhesha, Mzee Gerrit anazisoma.

Nasema anazisoma yeye kwa sababu hakuna mwingine awezaye. Kampuni iliyotengeneza mashine za kanda hizo ilikufa zamani, ikafa na siri yake: haikumwambia mtu kanda zake zimeandikwa kwa mpangilio gani. Ni kama nati ambayo spana yake ni moja tu duniani, na spana hiyo imo mfukoni mwa mzee wa miaka sabini na mmoja anayevuta sigara mfululizo. Akiisha kuisoma kanda, tunayahamishia yaliyomo kwenye kanda mpya, iliyoandikwa kwa kanuni za wazi. Kanuni hizo zimechapishwa, kila mtu anaweza kuzipata, na mwanzoni mwa kanda yenyewe mna maelezo ya namna ya kuisoma. Mashine ya kampuni yoyote, nchi yoyote, hata baada ya miaka hamsini, itaifungua. Nilimwuliza Mzee Gerrit kwa nini watu wa zamani hawakufanya hivyo tangu mwanzo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mtoto," akasema, "ukimfungia mtu maji yake kwa kufuli lako, lazima akuite bwana."

Kanda nyingi ni za chumba cha taa: nani alichukua taa kabla ya kushuka, nani aliirudisha. Tumefika mwaka 1988. Namba ya taa yako ilikuwa ngapi? Ningependa kukutafuta humo. Na tukifika Agosti 1991 nitaliona jina la baba, siku zake za mwisho, miezi mitatu kabla sijazaliwa. Naogopa kidogo, lakini nataka.

Simu ya ofisini hupitia meza ya walinzi, na huko kwenu mtandao mpaka mtu apande kilima, kwa hiyo nitampa barua Ntate Moshabesha wa lori la sufu.

Mwanao,
Puseletso


Ha Lepekola, Mokhotlong,
2 Machi 2014

Mwanangu Puseletso,

Salamu zako zimefika. Mama yako mzima, magoti yako palepale. Kondoo wawili wamerudi, wa tatu tuliokota manyoya tu. Ni mbweha. Nimemtega kwa waya siku tatu, nikamkuta amejitafuna mguu mpaka mfupa akitaka kutoka. Nikammaliza kwa jiwe. Mahindi ni mazuri mwaka huu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua ililala kwenye lori.

Nimefurahi kwa kazi yako. Lakini kazi ya karani ni kuandika anachoambiwa. Mimi nimechimba miaka kumi na minne, nakwambia: mwamba usiouchokoza haukuangukii. Habari ya 1991 unaijua. Ilikuwa wiki ya nne ya mgomo. Watu waliingia bwenini saa tatu asubuhi wakaua tisa, baba yako mmojawapo. Mimi sikugoma, nilikuwa kazini chini ya ardhi, kina cha kilomita mbili. Nilipopanda alasiri ndipo nikaambiwa. Baraza la uchunguzi likakaa, likakosa wa kumshika. Imekwisha.

Omba wakuhamishie kwenye karatasi za shule au za mashamba. Hizo nazo ni kumbukumbu.

Baba yako mdogo,
Khethisa Ramoholi


Welkom,
Alhamisi, 20 Machi 2014

Baba mdogo,

Nawasalimu nyote. Pole kwa kondoo. Usimsomee mama barua hii, au msomee mpaka hapa tu, umwambie sijambo.

Jumanne saa nne asubuhi waliingia wanaume wawili wenye ovaroli za mafundi umeme. Nilifikiri wamekuja kwa ajili ya taa ya koridoni. Mmoja, mnene, aliufunga mlango kwa upole kabisa, akauliza, "Hapa nani ndiye anayejua kusoma?"

Mzee Gerrit akadhani ni mzaha. "Binti huyu kanizidi madarasa."

Yule mnene akanigeukia. "Ausi, dada yangu, umesoma kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kaa hapo utuhesabie."

Walimlazia Mzee Gerrit mikono juu ya meza, yule wa pili akamkalia bega. Nyundo ilikuwa ya kawaida, ya misumari, yenye mpini wa njano. "Kwa sauti, ausi. Ukiruka namba tunaanza upya." Nilihesabu, Baba mdogo. Kwenye kidole cha tatu Mzee Gerrit alianza kumwita mama yake kwa lugha yao. Kwenye cha sita hakuita mtu. Mimi nilihesabu mpaka kumi, sikuruka hata namba moja, na nilitamka vizuri kama niko darasani.

Kisha wakaigeukia mashine ya kusomea. Waliitoboa kwa mtaimbo, wakaimiminia petroli, wakaiwasha. Yule mnene akanipangusa mashavu kwa kiganja chake chenye damu. "Umehesabu vizuri. Sasa huyu hasomi tena, na mashine haisomi tena. Kazi imekwisha, nenda kapumzike."

Polisi wameandika kwamba ni wizi. Walinzi wa getini hawakuona mtu akiingia wala kutoka. Kampuni ya ulinzi ni ya Ntate Phakoe, mzee mmoja mwenye kofia nzuri, na jana alikuja mwenyewe kunipa pole. Aliniletea makoenya, maandazi ya moto, mafuta yamelowa kwenye karatasi.

"Kula, binti yangu. Mwenye hofu asipokula huanguka."

"Asante, ntate."

"Mlikuwa mmefika mwaka gani na zile kanda?"

"Elfu moja mia tisa na tisini, ntate."

"Hapo basi." Akanitazama vizuri. "Wewe si wa kina Ramoholi wa Mokhotlong? Pua hiyo naijua. Msalimie Khethisa. Mwambie Phakoe anasema taa bado inawaka."

"Ataelewa?"

"Akisahau nitapanda mlimani nimkumbushe."

Alisimama pale mpaka nikala koenya moja lote. Baba mdogo, huyu mtu anakujuaje? Nijibu hilo, hata ukiyaacha mengine.

Mwanao,
Puseletso


Ha Lepekola,
13 Aprili 2014

Puseletso,

Rudi nyumbani. Panda lori la Moshabesha, acha nguo, acha sufuria, rudi.

Phakoe alikuwa nyapara wetu. Nani asiyemjua nyapara wake? Hakuna zaidi ya hilo.

Hao watu hujawaona wakifanya kazi. Unafikiri umewaona, lakini hujawaona. Hawapigi mpaka mtu aanguke, wanapiga mpaka wao wachoke. Baba yako alitoka kitandani hata viatu hana, miguu mitupu juu ya saruji, na alikuwa mtu wanayemjua, amekula nao. Hawakumwacha. Watakuacha wewe, karani?

Mama yako hajambo. Anauliza kwa nini huandiki mambo mengi siku hizi.

Khethisa


Welkom,
Jumanne, 6 Mei 2014

Baba mdogo,

Nakusalimu. Namsalimu mama. Natumaini baridi haijawashika bado.

Mzee Gerrit amekufa. Sumu ilipanda kwenye damu kutoka mikononi, wakamkata wa kulia, kisha wa kushoto, na tarehe 28 akaisha. Nilikwenda kumwona wiki moja kabla. Nilimwomba anisamehe kwa kuhesabu. Akasema, "Ulihesabu sawasawa, mtoto. Ungekosea ningekuwa nimevunjwa kumi na mbili." Alikuwa anajaribu kucheka.

Sasa nakueleza nililolificha, na sijamweleza mtu mwingine. Nilimdanganya Phakoe. Hatukuwa 1990. Kanda ya Agosti 1991 tuliisoma Jumatatu, siku moja kabla ya nyundo, na jioni ile ile nikaihamishia kwenye kanda mpya. Mashine iliungua, lakini kanda mpya haiihitaji tena mashine ile. Ilikuwa kwenye rafu ya karatasi za maji taka. Niliificha mwenyewe, kwa woga tu, kama ninavyofunga mlango mara tatu.

Nimeisoma yote. Wewe unaujua utaratibu wa dirisha la taa kuliko mimi. Mtu anataja namba, anapewa taa moja, anapita, anakuja mwingine. Uliniambia mwenyewe nilipokuwa mdogo mlivyokuwa mkisukumana na kutukanana kwenye foleni. Dakika ikienda vizuri wanapita watu sita. Asubuhi ile, saa mbili na dakika mbili, zilitoka taa arobaini. Arobaini kwa dakika moja. Saa nane mchana, dakika moja tena, zikarudi zote arobaini.

Hakuna aliyezichukua taa hizo. Mtu alikaa kwenye mashine akaandika arobaini mfululizo ili ionekane wenyewe wako chini. Wale waliotuhumiwa kwa mauaji walileta mbele ya baraza karatasi ya chumba cha taa, na karatasi ile ilionyesha tarehe na zamu tu. Baraza likasema hawa walikuwa kilomita mbili chini, wataua vipi? Aliyeandika hakukumbuka kwamba kanda huweka na dakika. Na wengine hawakuweza kumkumbusha, kwa sababu hawakuweza kuisoma.

Tarehe 30 Mei nakala tatu zinatumwa: Bloemfontein, Maseru na Windhoek. Kabla ya kutuma, kila faili hufungwa kwa jumla, yaani namba moja inayotokana na herufi zote zilizomo. Ikishafungwa, mtu akigeuza hata nukta, mashine yoyote mahali popote itamkataa. Jumla hiyo naifunga mimi. Kabla sijaifunga naweza kuondoa mstari mmoja na hakuna atakayejua.

Mstari wa thelathini na moja: Ramoholi Khethisa, taa 2217, saa mbili na dakika mbili.

Miili iliondolewa bwenini kabla ya saa sita mchana. Wewe unasema ulipanda alasiri. Jeneza la baba lilifika kijijini limepigiliwa misumari, mama mwenyewe hakuonyeshwa uso.

Ulijuaje kwamba hakuwa na viatu?

Puseletso


Ha Lepekola,
22 Mei 2014

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu zikae.

Phakoe alitukusanya arobaini nyuma ya jiko la bweni. Alisema wakubwa wanataka mgomo uishe leo, na asiyekuwa nasi atakuwa chumba cha kumi na nne. Chumba cha kumi na nne ndicho cha viongozi wa mgomo. Baba yako alikuwa humo. Tulipewa vyuma vilivyonolewa na marungu. Mimi nilipewa rungu.

Mlango wao ulikuwa wa bati zito, nao walikuwa wameufunga kwa ndani, wameupitishia vyuma vya vitanda. Tuliupiga kwa reli, haukufunguka. Wangeweza kukaa humo mpaka polisi wafike, na polisi walikuwa wameshaitwa. Phakoe akanishika shingo, akasema, "Mwite ndugu yako."

Nikasema, "Tlhoriso, fungua, ni mimi."

Akauliza, "Uko peke yako?"

Nikasema, "Wamekimbia. Niko peke yangu. Fungua haraka."

Nikasikia vyuma vikitolewa, kimoja, kimoja.

Wa kwanza alichomwa kooni palepale mlangoni, damu ikaturukia usoni, watu wakawa kama wamelewa. Mmoja alijificha chini ya kitanda, wakamvuta kwa nywele wakampasua tumbo, akawa anajishika matumbo kwa mikono akisema ngojeni, ngojeni, kama mtu aliyesahau kitu. Mmoja aliruka dirishani akakuta wengine nje. Baba yako hakukimbia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ananitazama mimi. Hao wengine hakuwatazama. Walipomwangusha bado alikuwa ananitazama.

Phakoe alisema kila mtu apige, kila rungu litoke na damu, asiwepo wa kwenda kusimulia. Nilipiga miguu, ili nisione uso. Nilipiga mpaka ikawa si miguu. Ndivyo nilivyojua.

Umeuliza, nimejibu. Sasa nisikilize na mimi. Nilimzika. Nilimchukua mama yako kwa desturi kabla wengine hawajamfukuza na mimba yake, nikamvika blanketi mbele ya ukoo wote. Wewe ulizaliwa mikononi mwangu, na hilo jina lako, lenye maana ya fidia, nililichagua mimi. Nilikubeba mgongoni kwenye theluji mpaka kliniki, ulipokuwa na kifaduro. Nimekusomesha ili ujue kusoma, na angalia ulichokwenda kusoma.

Ondoa mstari mmoja. Thelathini na tisa wanatosha kwa mahakama yoyote. Mimi ni mzee, kifua kimejaa vumbi, sina miaka mingi. Mama yako barua zako namsomea mimi, naye anasikia salamu na habari ya hali ya hewa. Hii hakuisikia wala hataisikia. Tukinyamaza sisi wawili, hakuna mwingine.

Baba yako,
Khethisa


Hospitali, Welkom,
Jumatatu, 2 Juni 2014

Baba mdogo,

Nakusalimu. Namsalimu mama. Taya langu limevunjika pande mbili, limefungwa kwa waya, nalishwa uji mwembamba kwa mrija. Jicho la kushoto wanasema litarudi.

Walikuja Jumamosi mchana, wale wawili na Phakoe mwenyewe. Ofisi ilikuwa tupu. Nilikuwa nimejikojolea hata kabla hawajanigusa, na yule mnene akacheka. "Ausi anamwaga maji, moto bado."

Phakoe akasema, "Ulinidanganya, binti yangu. Ulisema tisini. Walinzi wangu wameona tisini na moja kwenye orodha yako."

"Ndiyo, ntate."

"Kanda iko wapi?"

Nikamwonyesha. Sikubisha. Waliichoma kwenye ndoo mbele yangu, moshi wake mweusi unaziba koo. Akangoja mpaka iyeyuke, akauliza, "Na nyingine?"

"Ziliondoka jana. Bloemfontein, Maseru, Windhoek."

"Huko nani anajua kuzisoma?"

"Yeyote, ntate."

"Nipe jina."

"Hakuna jina. Mtu yeyote mwenye mashine yoyote."

Akanipiga kwa kitako cha bastola. "Jina!"

"Hakuna, ntate."

Akapiga tena, na tena, na kila nilipoweza kutamka nilitamka neno lile lile. Mwisho taya halikutamka kitu. Yule mnene aliishika nyundo akanishika na mkono, akamtazama bosi wake, anangoja. Phakoe alikaa kwenye kiti cha Mzee Gerrit. Nafikiri alikuwa anatafuta mtu wa kuua, na kila aliyemfikiria hakutosha. Kisha akavaa kofia yake wakatoka. Leo asubuhi muuguzi ameniambia wapelelezi wametoka Bloemfontein na orodha ya taa mkononi, na geti la nyumba yake limefungwa kwa utepe wa polisi. Yeye mwenyewe hawajampata. Naogopa kila mlango unaofunguka humu wodini.

Faili niliifunga Ijumaa saa tano. Nilikaa na mstari wa thelathini na moja tangu asubuhi. Nilikumbuka mgongo wako kwenye theluji. Kweli ulinibeba, sijasahau, na nilikupenda kuliko baba ambaye sikumjua. Sikuuondoa. Zimekwenda arobaini.

Lori la Moshabesha litafika kwenu Jumatano likiwa na barua mbili. Hii ni yako. Ya pili ni ya Mwalimu Nthabeleng wa hapo kijijini, na ndani yake mna orodha nzima na nakala ya barua yako ya tarehe 22, kila neno. Nimemwomba amsomee mama Jumapili, baada ya ibada.

Kama unataka aisikie kwanza kutoka kinywani mwako, una siku nne.

Puseletso wa Tlhoriso